Usukani wa Direktrisi

Direktrisi hakuwa mtu wa kumsubiri mtu, hata awe padri. Asubuhi, jua likianza kugusa mabati ya mtaa wetu wa Kasha, mjini Bukavu, pikapu yake ya kijani ilitoka getini, na ambaye hajapanda alibaki barabarani akifunga kamba za viatu. Mimi niliachwa mara nyingi. Niliachwa huku akiniona vizuri kwenye kioo, na mara nyingine alinipungia mkono. Jioni akirudi kutoka shambani kwake kijijini Miti alisimama mbele ya nyumba yetu, akashusha kioo, akaniuliza kwa upole wa kweli kama nilipata namna ya kufika kazini.

Mtaa mzima ulimwita Direktrisi, ingawa alikuwa amestaafu zamani na shule ya msingi aliyoiongoza ilishapata mwingine. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, kwenye misa ya kumwombea mumewe, nikageuka kutazama padri anamtaja nani. Nilikuwa mwanafunzi wake, kisha jirani yake, kisha abiria wake, na katika vyeo hivyo vitatu, cha abiria ndicho kilichokuwa na sheria nyingi zaidi.

Ndani ya gari lake huli. Huzungumzi kwenye simu kana kwamba uliyempigia yuko mbali kule Shabunda na unataka akusikie bila mtandao. Mlima ukianza, wote mnanyamaza, kwa sababu, alivyosema, injini nayo inataka kufikiri. Mama anayetoka shambani na mzigo mgongoni, kamba imemkaa kwenye paji la uso, ndiye anayeketi mbele, na mwenye kompyuta kwenye mkoba anakwenda nyuma chini ya turubai pamoja na ndizi. Nimekaa juu ya mafungu ya lengalenga, mchicha wetu, nikiwa nimevaa sketi ya ofisi, na wenzangu kazini walizoea kunitoa majani mgongoni kabla ya kikao.

Kwenye vizuizi vya barabarani aliwaambia vijana wenye bunduki wafunge vifungo vya shati. Walifunga. Mara moja mmoja wao alimwuliza yeye ni nani hata awaamrishe, akamjibu kwamba huenda alimfundisha mama yake kusoma, na kijana akafikiri kidogo, akainua kamba tukapita. Baadaye nilimwuliza kama kweli alimfahamu mama wa kijana yule. Akasema hapana, lakini kwa umri wake na miaka aliyofundisha, uwezekano ulikuwa mkubwa.

Alipenda kusema kwamba gari si mtoto, halibembelezwi. Gari ni la kutumikishwa, alituambia, na akalipakia viazi mpaka springi zikalia. Lakini nilimwona kwa macho yangu mwenyewe akilifuta matope kwa kitenge chake, tena kile kizuri cha Pasaka, baada ya kuangalia kwanza kama kuna mtu anayemwona. Na kuna jambo lingine ambalo sisi wanafunzi wake tulilisamehe kwa shida. Shuleni alituadhibu tukisema Mashi. Mtoto aliyeteleza kwa neno moja tu la lugha ya nyumbani alivishwa kipande cha ubao shingoni, akakaa nacho mpaka mwenzake naye ateleze. Basi mtu huyohuyo, pikapu ikimaliza kupanda mlima, alipapasa dashibodi na kuiambia polepole, "Koko," yaani asante, kwa Mashi safi ya bibi yake. Gari lilipewa lugha ambayo sisi tulinyimwa, na nilimwambia hivyo siku moja. Akasema gari halina mtihani wa serikali.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya mumewe, agronomu, yaani bwana shamba, kwenye mashamba ya kwinini huko Miti, mtu mrefu, mpole, aliyemwacha mkewe aseme kwa niaba ya wote wawili. Ilikuwa ya zamani hata enzi hizo: pua ndefu, taa za duara, dashibodi ya chuma tupu. Vita ilipokaribia mji, na kila mwenye gari akinyang'anywa, agronomu alifanya walichofanya wengi hapa kwetu, akalivua magurudumu. Kisha akawaza kwamba wenye bunduki nao wanajua kutafuta magurudumu. Akalifumua lote na kuligawa mtaani. Mlango mmoja ukaenda kwa huyu, mwingine kwa yule. Boneti ikaezeka banda la nguruwe. Magurudumu yakafukiwa kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe. Kiti cha mbele kililetwa kwetu, na usukani Direktrisi aliulaza chini ya kitanda chake. Waliokuja kulitafuta gari walikuta fremu imekaa juu ya matofali, na kuku wamelala juu ya fremu.

Nilikua nikifanya kazi za shule kwenye kiti kile, miguu ikining'inia, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kila sebule ina kiti kinachonuka petroli. Agronomu alifariki kabla vipande havijakutana tena. Moyo wake ulisimama tu, akiwa shambani. Vipande vikabaki kwa watu mpaka vikawa mali ya nyumba, na watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kwamba mlango wa banda lao la kuku uliwahi kwenda Miti na kurudi.

Direktrisi alianza kuvikusanya alipostaafu, na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Hakwenda kwa mtu kudai. Alikwenda na kitu mkononi. Mwenye banda la kuku aliletewa mlango wa mbao uliochongwa kwa kipimo cha banda lake, bawaba zimeshapigwa. Mwenye nguruwe alipata bati jipya. Kwetu alikuja na kochi la fundi wa Kadutu, na mama yangu alikisugua kile kiti kwa sabuni kabla ya kukitoa, akakisindikiza hadi barabarani kama binti anayeolewa. Hakuna aliyekataa. Ungekataaje, na mwenyewe amekuja na bawaba?

Kipande kimoja hakikurudi. Bodi ya nyuma, ile inayofunguka kupakia mizigo, ilikuwa kwa mzee mmoja ambaye aliiuza wakati wa njaa, na mzee huyo alianza kubadili njia kila akimwona Direktrisi kwa mbali. Direktrisi akatengenezesha bodi ya mbao, akaipaka rangi ya kijani, na aliyeuliza alijibiwa kwamba mbao ni nyepesi kuliko chuma. Jumapili moja alisimamisha gari mbele ya yule mzee, akamfungulia mlango wa mbele. Walikwenda misa pamoja, na wakaendelea hivyo kila Jumapili.

Lakini nimerukia mbele. Kabla ya kwenda misa na mtu yeyote, gari lilirudi kuwa zima, jinsi lilivyokuwa siku za marehemu, na hapo ndipo shida ilipoonekana: mwenyewe hakuweza kuliendesha. Usukani ule ulitaka mabega ya agronomu, na breki zilitaka usimame juu yake kwa miguu miwili. Bega la kulia la Direktrisi lilikuwa limekwisha. Daktari alisema ni miaka ya kuandika ubaoni. Wanafunzi wake wa zamani, nami nikiwamo, tulisema ni miaka ya kupiga rula.

Mwanawe mkubwa alikuwa na kazi nzuri Kinshasa, na alishamtayarishia mama yake chumba. Alikuwa mtoto mwema, na wema wake ndio uliotutisha. Alimwambia kwenye simu kwamba siku atakapoanza kubebwa na watu badala ya kuendesha mwenyewe, hiyo ndiyo siku ya kuja kwao. Direktrisi alikubali. Kisha akatusimulia sote, mtaa mzima, kwa sababu alijijua: neno likishasikika Kasha, hawezi kulimeza tena. Tangu hapo kila mtu alifahamu kwamba usukani ule haukuwa wa kwenda Miti tu. Akishindwa kuushika atapanda ndege, shamba la marehemu litashikwa na wengine, na yeye atakaa ghorofani kwenye mji ambao, kwa maneno yake, jua linakuchoma mpaka kwenye kivuli na watu wanakusalimia kwa Kilingala bila kusimama.

Ndipo alipomwita Bahati, fundi mwenye karakana chini ya barabara ya Bagira, kijana mwenye mikono mizuri na mdomo usiopumzika. Wazee wa mtaa walisikitika. Walisema gari la marehemu lisiguswe, libaki alivyoliacha, na mmoja alipendekeza lijengewe kibanda watu wawe wanakuja kuliangalia. Direktrisi aliwasikiliza mpaka mwisho, jambo la nadra.

"Miye sitaki ukumbusho," akawaambia. "Ukumbusho iko ku makaburi. Miye minataka gari ya kuendesha kila siku."

Basi likafumuliwa tena, safari hii kwa furaha. Injini ya petroli iliyokuwa ikinywa kuliko mlevi ikatoka, ikaingia ya dizeli iliyotolewa kwenye basi dogo. Breki za mbele zikawa za diski. Zikaja taa zinazomulika kweli, mikanda ya usalama, na tundu la kuchajia simu, ambalo Direktrisi alilipinga kwa hotuba ndefu na kisha akawa wa kwanza kulitumia. Kwa kila kitu walibishana. Bahati alitaka redio yenye kioo, akaambiwa dereva ana kioo kimoja tu cha kuangalia. Alitaka kunyoosha bati lililobonyea kama bonde kwenye mlango wa dereva, akakatazwa kabisa. Bonde hilo lilipigwa na ng'ombe wa Miti siku agronomu alipojaribu kumpita bila kupiga honi, na mkewe alikuwa kando yake, na alicheka sana siku hiyo.

Kikabaki kile kilichosababisha yote, usukani mwepesi, ule unaosaidiwa na pampu ya mafuta mpaka mtu anauzungusha kwa kidole. Hapa kwetu magari mengi yanaingia yakiwa na usukani kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo mafundi wa Bukavu wamezoea kuhamisha mambo kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Bahati alipata boksi ya usukani iliyotoka kwenye gari la usukani kulia. Pikapu ilikuwa ya kushoto. Akaigeuza boksi ikakaa, na ilikaa vizuri kabisa. Wakainua gari kwa jeki, Direktrisi akapanda, akazungusha kwa kidole kimoja, na magurudumu yakageuka huku na huku bila kelele. Alifumba macho kwa raha. Bahati alikuwa anatazama uso wake. Wote wawili walikuwa wanaangalia wepesi, na hakuna aliyeangalia magurudumu yanaelekea wapi.

Bahati alitaka kulijaribu barabarani, kama kila fundi mwenye akili. Akakataliwa. Kubariki gari ni desturi yetu sote, ila wengi wetu tunalipeleka kwa padri likiwa limeshatembea na limeshaharibika mara moja au mbili. Direktrisi alishikilia kwamba hili halitembei kabla ya baraka, na baada ya baraka atakayeliendesha wa kwanza ni yeye mwenyewe, si Bahati wala mtu mwingine. Alitaka mwanawe wa Kinshasa apelekewe video.

Jumamosi mchana tukajaa uwanjani kwake, na makreti ya fanta, na mishikaki ya mbuzi. Padri alichelewa, akatazamwa kwa jicho la shule. Akasoma sala, akanyunyizia boneti, magurudumu, bodi ya mbao, na sisi tuliokuwa karibu. Direktrisi akafunga mkanda. Akapiga honi. Geti lilikuwa upande wa kulia, kwa hiyo akauzungusha usukani kulia, kwa kidole, taratibu, huku akiangalia simu iliyokuwa inamrekodi.

Pikapu ikaenda kushoto. Ikapita juu ya makreti ya fanta, ikaingia migombani. Padri aliruka na ndoo yake, na sehemu kubwa ya maji ya baraka ikamwagikia yeye. Direktrisi akarudi nyuma, akakaza uso, akazungusha kulia kwa nguvu zaidi, na gari likazidi kwenda kushoto. Hapo Bahati aliweka mikono kichwani. Alikuwa ameelewa: alipoigeuza boksi ili ikae, aligeuza na njia zake. Akakimbia dirishani kumsihi ashuke, akisema kosa ni lake, atalirekebisha, asimwangalie hivyo. Direktrisi akapandisha kioo.

Hakushuka. Alibaki akizunguka uwanjani mwake, akijaribu kuuzoea usukani wa kinyume, na sisi tukawa tunatazama kitu ambacho hatujawahi kukiona: Direktrisi akishindwa. Akienda polepole sana na kufikiri, alipatia kona moja. Kwenye ya pili mikono ilisahau, na mgomba mwingine ukalala. Aliyekuwa anarekodi aliweka simu mfukoni bila kuambiwa. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, kwa heshima, wengine bila kumaliza fanta. Mimi nilibaki kuokota vigae vya chupa. Hatimaye injini ikazimwa, mlango ukafunguliwa, akakaa pale pale kwenye kiti, miguu nje. Akaniita.

"Kuya hapa, mutoto yangu. Weye ulikuwa wa mukono ya kushoto."

Nikasema ndiyo.

"Nilikuwa nakupiga sababu ya ile?"

"Mulikuwa munanipiga, Maman Directrice."

Akaitazama mikono yake. Alisema alidhani ni kiburi. Miaka yote ile alidhani mtoto wa mkono wa kushoto anajua la kufanya na anakataa tu, ili kumjaribu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia shuleni:

"Kumbe si mutoto anakataa. Unajua fasi unataka kwenda, na mukono inakupeleka fasi ingine. Na mutu iko pembeni na rula. Nisamehe, ma fille, mutoto yangu."

Nililia. Nasema kweli, nilikasirika pia, kwa sababu nilikuwa mtu mzima mwenye watoto na bado naandika kwa mkono wa kulia mwandiko mbaya kama wa kuku, na kila kitu kingine nakifanya kwa kushoto, nikimenya viazi najificha hata jikoni kwangu. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo bila kujua kwamba nalisubiri. Tulikaa pale, yeye kwenye kiti cha gari na mimi juu ya kreti, mpaka mishikaki ikapoa. Ninajua alikwenda pia kwa wengine wawili wa mkono wa kushoto niliosoma nao, kwa miguu, mmoja hadi kule Panzi. Waliniambia wenyewe.

Bahati alirudi na boksi nyingine, ya gari la kushoto, na safari hii alilijaribu yeye kwanza. Direktrisi hakumtukana hata kidogo, na hilo lilimtisha Bahati kuliko matusi. Padri aliuliza kama abariki upya. Akaambiwa baraka ya kwanza ilifanya kazi yake, maana hakufa mtu. Na ile video ilipelekwa, ile ya pili, ambayo gari linatoka getini kwenda kulia kama gari la watu wengine, na mwanawe akajibu kwamba ameona, na kwamba chumba bado kipo.

Basi akaendesha. Ile ndiyo miaka ninayoikumbuka zaidi, na kama ningepewa kuirudia ningekubali hata sehemu ya lengalenga. Kila siku ya kazi alikwenda Miti, kila jioni akarudi na maharage ya kwake na akina mama wa watu wengine. Kwenye mashimo alipunguza mwendo mpaka karibu kusimama na kusema shimo lisalimiwe, ndipo litakuacha upite. Mvua ikinyesha na udongo ukawa sabuni, wenye magari mapya ya ofisi walikaa kando wakisubiri, naye aliwapita taratibu, akiwaangalia kwa huruma. Alizeeka ndani ya gari lile bila sisi kuona, kwa kuwa muda mwingi tulimwona kuanzia mabega kwenda juu.

Kisha akaacha kupakia watu. Alisema springi zimechoka. Tulinung'unika kidogo, tukasema uzee umemfikisha kwenye ubahili, tukarudi kwenye pikipiki. Asubuhi alitoka mwenyewe getini kama kawaida, jioni akarudi mwenyewe kama kawaida, na nilipompungia mkono hakunipungia. Nilidhani amenikasirikia.

Mara ya mwisho kukaa naye ndani ya gari lile nilikuwa natoka Kavumu kikazi. Nilipofika Miti niliona pikapu imesimama kando ya shamba lake, saa ambayo kwa kawaida angekuwa ameshafika nyumbani, nikamwomba mwenye pikipiki aniteremshe. Direktrisi alikuwa ndani. Alikuwa amekaa upande wa abiria. Nilimsalimu nikiwa mbele yake kabisa, mchana mweupe, na yeye akageuza uso kama anayetafuta redio inapolia.

"Ni nani?" akauliza.

Nilipojitaja akanipa ufunguo. Bahati ndiye aliyekuwa akimwendesha, akaniambia, kwa miezi mingi sasa. Asubuhi anamngojea kwenye kona ya chini ya mtaa wetu, pale bombani, na jioni anashukia pale pale. Leo amefiwa Kabare, amekwenda, na alidhani angewahi kurudi. Nilimwuliza daktari alisema nini kuhusu macho. Alisema daktari alimkataza kuendesha, naye alimjibu sawa, ila hawakuelewana ni tangu lini.

Nikaendesha. Njia nzima aliniambia gia gani niweke, na alipatia kila mara, na kila shimo alilitaja kabla sijaliona. Mguu wake wa kulia ulikanyaga breki ambayo haikuwapo upande wake. Nilikuwa nawaza la kumwambia. Nilikuwa nawaza Kinshasa, na ghorofa, na huyu mwanamke amekaa kwenye kochi la watu akisikiliza lifti. Tulipofika bombani akaniambia nisimame.

"Shuka," akasema. "Ku mulango yangu naingia miye mwenyewe."

Nikamwambia jioni hii barabara imejaa watoto.

"Batoto banajua saa."

Sikumwelewa, lakini nilishuka, kwa sababu sikuwahi kujifunza namna ya kumkatalia. Akahamia kwenye usukani, akapapasa gia, akaachia breki. Nilitembea kando ya dirisha lake, mkono juu ya lile bonde la mlango, roho mkononi, tayari kupiga kelele.

Hapakuwa na haja. Mama Furaha, muuza parachichi, alishasogeza beseni na kiti chake hadi ukutani. Mpira wa watoto ulikuwa umeshikwa kwapani, na wenyewe wamepangana ng'ambo ya mtaro, wadogo wameshikwa mikono. Fundi cherehani alikuwa ameingiza meza yake ndani. Hakuna aliyekimbia wala kuhangaika. Walifanya kama watu wanaoanua nguo, kazi ya kila siku. Na gari lilipoanza kupanda, wakaanza kumsalimu, mmoja akimaliza mwingine anadaka, kwa sauti ya juu kidogo kuliko inavyohitajika.

"Bonsoir, Maman Directrice. Ni miye Mama Furaha, niko kushoto, karibu ya ukuta."

"Bonsoir, Maman. Ni miye wa cherehani, niko kuume. Mutaro iko nyuma yangu."

Naye aliwajibu mmoja mmoja kwa majina, akiwauliza watoto wao, na kwa kila jibu usukani ulisogea kidogo kwa kidole chake kimoja. Alipita katikati ya sauti zile mpaka getini, akaingia, akazima injini. Mama Furaha alirudisha beseni lake mahali pake, na mpira ukatupwa tena barabarani.

Jumapili mwanawe alinipigia simu kutoka Kinshasa. Alikuwa amesikia jambo fulani, hakusema kwa nani, na aliniuliza kwa adabu yake ile ile kama mama yake bado anaendesha au ameanza kubebwa na watu. Nilimwambia anaendesha, na kwamba juzi nilikuwapo alipoliingiza gari getini kwa mkono wake. Nikamwambia asiponiamini amuulize yeyote Kasha. Aliuliza kweli, kwa simu, nyumba kwa nyumba, na wote walimwambia kwamba wanamwona akiingia kila jioni.